Siku Rosti Ilipotiwa Mchuzi

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba au ya wagonjwa? Hebu sogezeni kuni, na wewe unayetafuna karanga, tafuna kimyakimya. Leo nasimulia habari ya chakula na sitaki mtu anidokolee maneno. Paukwa!

Pakawa!

Naam, hapo sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, kabla chumvi haijaanza kuuzwa kwenye pakiti, palikuwa na nchi moja kando ya mto, ikiitwa Vidimbwini. Mfalme wa Vidimbwini alikuwa Kiboko. Alikuwa mnene, mwenye kujipenda, na mtu akikohoa nyuma yake alidhani anachekwa. Mpishi wake alikuwa Kanga. Nasema kanga ndege, yule mwenye madoadoa, si kanga ya kujifunga.

Kanga alijua kupika, hilo tusimnyime. Wali wake ulichambuka, mchuzi wake ulinukia mpaka ng'ambo ya mto. Lakini mdomo, jamani! Ukimwambia umekula samaki, atakwambia yeye kapika samaki mkubwa zaidi. Ukimtajia chakula cha kwenu, atakwambia hicho kwake ni chakula cha asubuhi. Neno "sijui" halikuwahi kutoka kinywani mwake tangu aanze kusema.

Siku moja Mfalme Kiboko alirudi kutoka ziarani kwa jirani yake, Sultani Mamba, anayetawala upande wa chini wa mto. Alirudi amenuna. Hakumsalimia mtu, hakuoga, alipitiliza moja kwa moja mpaka jikoni.

"Kanga!"

"Labeka, mfalme wangu!"

"Unajua Mamba kanifanyia nini? Kanitazama hivi, kwa jicho moja, akaniuliza mbele ya watu wake: Bwana Kiboko, na huko kwenu mnakula rosti?"

"Ukamjibu nini, mfalme wangu?"

"Ningemjibu nini? Nimemwambia rosti kwetu wanakula watoto! Sasa kasema anakuja Ijumaa, tumpikie aionje. Rosti unaijua?"

Kanga hakuijua. Ndiyo kwanza neno hilo linamwingia sikioni. Angeweza kusema, "Sijui, mfalme wangu," na dunia isingepasuka. Lakini mdomo ule uliwahi kufunguka kabla ya akili kufika.

"Rosti? Mimi? Mfalme wangu, rosti nimeipika mpaka nimeichoka!"

"Afadhali," akasema Kiboko, uso ukamkunjuka. "Maana Mamba akiletewa kitu kisicho rosti, nitaaibika. Nami nikiaibika, mgeni hataondoka na njaa. Wewe mwenyewe una nyama ya kutosha."

Akaitazama shingo ya Kanga, akaondoka zake kuoga. Kanga akakaa juu ya kinu. Kajipalia makaa mwenyewe, na sasa yameanza kumuunguza. Alipenda kupika, lakini kupikwa ni habari nyingine kabisa.

Asubuhi akatoka kwenda kuuliza. Lakini atauliza vipi, na nchi nzima inajua kwamba yeye hakuna asichokijua? Akajitia hamnazo. Wa kwanza kumkuta alikuwa Fisi, amelala kando ya jaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, shingo... marahaba, Kanga."

"Mjomba, mimi rosti naijua. Nataka tu kuona kama na wewe unaijua."

Fisi akanyanyua kichwa. Naye hakuwahi kusikia neno hilo, lakini nani alishamsikia Fisi akikubali kupitwa na jambo la kula?

"Rosti ni nyama inayochomwa juu ya moto mpaka inakauka," akasema. "Haitaki maji, haitaki mchuzi. Ukiitia mchuzi umeiua. Na neno lenyewe ni letu sisi mafisi. Babu yangu alikuta zizi limeungua moto, mbuzi wote ndani, akala, akashiba, akapiga kelele kwa furaha: Rosti! Ndipo lilipoanzia. Asiyeijua rosti hiyo, huyo si mtu."

"Na nyama yenyewe ni ya nini, mjomba?"

"Ndege ndiyo nzuri. Ndege asiyeruka sana." Fisi akameza mate. "Mwenye madoadoa."

"Ndivyo ninavyoijua mimi hasa!" akasema Kanga, huku anarudi kinyumenyume. "Nilikuwa nakupima tu."

Akaenda kwa Tumbili. Tumbili huyu alikuwa amewahi kulala juu ya paa la nyumba ya mzungu, msimu mmoja tu wa mvua, na tangu hapo hamenyi ndizi bila kunyoosha kidole kidogo.

"Tumbili, mwenzangu, mimi rosti naijua. Nataka tu kuona kama na wewe unaijua."

"Fisi kakwambia inachomwa juu ya moto?" Tumbili akacheka kwa pua. "Ushamba huo. Rosti inafungiwa ndani ya sanduku la chuma, joto likaizunguka pande zote. Sikilizia tu, usifungue mlango. Tena si nyama peke yake. Hata kahawa wanaitia motoni, punje zikawa nyeusi zikanukia, na hiyo nayo kwao ni rosti. Neno limetoka ng'ambo. Mimi nimelisikia kwa masikio yangu, kupitia kwenye bati. Asiyeijua rosti hiyo, huyo si mtu."

"Na sanduku la chuma nitalipata wapi? Yaani, watu wasiokuwa nalo, wanalipata wapi?"

"Ng'ambo," akajibu Tumbili.

"Ndivyo ninavyoijua mimi hasa! Nilikuwa nakupima tu."

Akaenda kwa Kasuku, mwisho wa njia, juu ya mfenesi. Kasuku alikuwa ndiye msemaji wa nchi. Habari ikitokea huku, yeye keshaitangaza kule, tena kwa kuitia chumvi.

"Kasuku, shoga yangu, mimi rosti naijua. Nataka tu kuona kama na wewe unaijua."

"Kwani rosti inakaa sahanini?" Kasuku akapiga mabawa. "Wamekudanganya! Rosti ni mtu kuwekwa kati. Watu wanamzunguka, wanamsema: huyu pua yake, yule mwendo wake, mara juzi alikopa sukari hakurudisha. Wanamsema huku wanacheka, na yeye acheke, mpaka masikio yanamwaka moto. Hiyo ndiyo rosti! Neno limeanzia kwetu sisi kasuku, tangu enzi na enzi. Asiyeijua rosti hiyo, huyo si mtu."

"Sasa hapo chakula kiko wapi?"

"Chakula si ndiye huyo waliyemweka kati!"

"Ndivyo ninavyoijua mimi hasa," akasema Kanga, huku ameshaanza kuondoka. "Nilikuwa nakupima tu."

Akarudi jikoni, akajifungia, akalia. Alilia kilio cha kweli, cha kujuta, si kile cha vitunguu. Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Mmoja kasema moto mtupu, mmoja kasema sanduku, mmoja kasema masimango. Wote watatu wameapa kwamba asiyeijua hiyo si mtu, na katika habari zote tatu Kanga alijiona yeye ndiye anayeungua.

Alipochoka kulia akafungua dirisha apate hewa. Nje, kando ya maji, Mfalme Kiboko alikuwa anakula chakula chake cha jioni. Anakula nini? Majani. Ananyofoa, anatafuna, ananyofoa, anatafuna. Kanga akamtazama, akamtazama tena. Mbona nchi nzima walikuwa wamelisahau jambo hili? Mfalme Kiboko hajawahi kula nyama hata siku moja! Nyama ikipita karibu anafumba pua. Kitu pekee anachokipenda kuliko majani ni ndizi mbichi, zile anazoziiba kwenye mashamba ya watu halafu asubuhi anauliza nani kaziiba.

Sasa Vidimbwini kulikuwa na desturi moja. Mgeni akija, hagusi chakula mpaka mwenyeji aonje tonge la kwanza, ameze, kisha akitaje chakula kile kwa jina, kwa sauti, watu wote wasikie. Ilikuwa ni kumwondoa mgeni hofu ya sumu. Na chakula kikishatajwa jina na mwenyeji, hakuna wa kulibadilisha, maana kulibadilisha ni kumwita mwenyeji mwongo nyumbani kwake.

Kanga akafuta machozi. "Kumbe," akasema peke yake, "tonge la kwanza ni la kwake."

Ijumaa ikafika. Mikeka ikatandikwa uwanjani, ngoma zikalia, Sultani Mamba akatoka majini na watu wake, anameremeta, anatabasamu na meno yote nje. Fisi alikuja amefunga kitambaa shingoni, anasubiri ndege mkavu. Tumbili alikuja ananusa, anatafuta sanduku liko wapi. Kasuku alikuja ameandaa kasoro za kila mtu. Na mwisho wa mkeka aliketi mgeni ambaye hakualikwa na mtu, mzungu mmoja aliyejiita Alfredi, mpishi wa meli iliyovunjika huko pwani. Alikuwa anatembea kuufuata mto, njaa imemkamata, akaona mkeka akakaa. Kwa desturi ya nchi ile, aliyeketi mkekani hafukuzwi.

Kanga akatoka jikoni na sufuria kubwa kichwani. Roho ilikuwa mkononi. Akaitua mbele ya mfalme, akafunua kifuniko. Mvuke ukapanda. Ndani mlikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa zikalainika, zimezama kwenye mchuzi mzito wa nyanya na vitunguu na nazi, mwekundu, unachemka polepole.

Fisi akafungua kinywa akasahau kukifunga. Tumbili akapangusa macho. Kasuku akasahau kasoro zote alizoziandaa.

Mfalme Kiboko akainama, akanusa. Akamtazama Kanga. Kanga akatazama chini, akasema kwa adabu, "Karibu, mfalme wangu. Onja, umtajie mgeni jina."

Kiboko akajua kitu kimoja tu, kwamba hajui. Aseme si rosti? Mamba atamuuliza, basi rosti ni ipi? Akatia tonge kinywani. Akatafuna. Macho yakajifumba yenyewe, maana zilikuwa ndizi, na alizipenda, na safari hii hakuziiba. Akameza.

"Hii," akanguruma, watu wote wakasikia, "ndiyo rosti!"

Sufuria ikasukumwa mbele ya Sultani Mamba. Mamba akachungulia ndani kutafuta nyama, hakuiona. Akakoroga, hakuiona. Nami nitawaambia siri, lakini isitoke hapa motoni. Mamba naye alikuwa haijui! Neno alilisikia kwa msafiri mmoja wa mtumbwi, na msafiri yule hakupata nafasi ya kulieleza vizuri. Sasa aseme nini, yeye aliyejidai kwamba kwake inaliwa kila siku? Akatia tonge moja kwenye kinywa kile kipana, akalimeza kama mtu anayemeza dawa.

"Aah!" akasema. "Yenyewe hasa. Kama ya nyumbani."

Vigelegele vikapigwa! Kanga akashusha pumzi, mara ya kwanza tangu siku ile jikoni.

"Si niliwaambia!" Fisi akadakia. "Mchuzi! Rosti bila mchuzi umeiua!"

"Si niliwaambia!" akasema Tumbili. "Sufuria na kifuniko chake, si ndilo sanduku la chuma?"

"Si niliwaambia!" akapiga kelele Kasuku, ingawa hakuna aliyekumbuka kaambiwa nini.

Mambo yangeishia hapo, watu wakala, wakalala. Lakini sahani ikamfikia Alfredi mwisho wa mkeka, naye akaitazama, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia tu:

"Samahani, jamani. Chakula ni kizuri. Ila hii si rosti."

Ngoma zikanyamaza.

"Ndiyo, si rosti," akaendelea, maskini, hakusoma nyuso. "Mimi ni mpishi, na neno hili ni la kwetu. Rosti ni nyama inayoivishwa kwa moto, kavu. Nzuri kuliko zote ni ya ndege. Kwa mfano huyu bibi hapa, kwa ukubwa wake..."

Kanga akarudi nyuma hatua moja. Kiboko akamgeukia polepole. Fisi akakaza kitambaa shingoni. Akiaminiwa huyu mzungu, mfalme ameaibika, na mfalme akiaibika, mgeni haondoki na njaa. Na Mamba, nawaambieni, njaa alikuwa nayo. Ndizi zile hazikumfika hata nusu ya tumbo.

Kanga akatafuta neno. Mdomo ule uliozoea kusema kila kitu ukakataa kutoa chochote. Aliyesema alikuwa Tumbili.

"Ng'ambo kwenu, neno mlilipata wapi?"

Alfredi, kwa uaminifu wake, akajibu. "Kwa kweli sisi wenyewe tulilipokea kwa jirani zetu wa ng'ambo ya mkono wa bahari. Nao walilipokea kwa watu wengine, waliokuwa wakichomea nyama juu ya vyuma."

"Mmesikia!" Kasuku akaruka juu. "Kumbe hata si lake! Kaliazima!"

"Kwa jirani!" akasema Tumbili.

"Na jirani naye kaliazima!" akasema Fisi.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Watu wakashikana mabega. Kiboko alicheka mpaka tumbo likatikisika na mikeka ikatikisika. Aliyekuwa hatarini kuaibika sasa alikuwa na mtu mwingine wa kuaibishwa, na hakuna kitu kinachompendeza mkubwa kama hicho. Alfredi akakaa katikati ya vicheko vile, masikio yamemwiva.

Sultani Mamba peke yake hakucheka. Alimwangalia Alfredi tangu kofia hadi viatu, kwa upole mwingi.

"Mwacheni," akasema. "Ni mgeni, hajui. Mimi naondoka sasa hivi, nitamvusha mto mwenyewe. Njiani nitamweleza vizuri rosti ni nini."

"Ahsante sana, bwana," akasema Alfredi, akaanza kuinuka. "Nami nitakueleza ya kwetu."

Hapo ndipo moyo wa Kanga ulipomchoma. Mtu huyu alikuwa amesema kweli, yeye pekee katika uwanja ule wote. Kweli yake ingemuua Kanga, na sasa ingemuua mwenyewe. Kanga alimwogopa, alimkasirikia, akamhurumia, vyote kwa mara moja. Akachota ndizi, akajaza mchuzi, akakimbia na sahani mpaka mwisho wa mkeka, akajifanya anampakulia.

"Kaa chini," akamnong'oneza. "Kula. Ukimaliza useme hii ndiyo rosti."

"Lakini bibi, si rosti."

"Mwanangu, mtazame anayetaka kukuvusha. Mtazame kinywani. Kisha kula."

Alfredi akatazama. Mamba akamtabasamia, meno yote nje. Alfredi akaketi taratibu. Akachukua tonge, akala. Akachukua la pili. Alipofika la tatu akanyanyua uso, akasema kwa sauti nyembamba:

"Nilikuwa nimesahau. Hii ndiyo rosti. Kwetu tumeikosea."

Vigelegele tena! Watu wakampigapiga mgongoni, wakamwambia asione haya, kujifunza hakuna umri. Mamba akanuna, akashuka majini peke yake bila kuaga, na njaa yake ile ile aliyokuja nayo. Na tangu siku ile, Vidimbwini na nchi zote za jirani, ukiagiza rosti utaletewa kitu kinachoogelea kwenye mchuzi, na ukiuliza utachekwa.

Alfredi hakuwa na pa kwenda, akabaki jikoni kumsaidia Kanga kumenya ndizi. Wakafanya kazi pamoja muda mrefu, wakazoeana. Siku moja wakiwa wawili tu, kisu mkononi, Alfredi akamuuliza polepole, bila ubaya wowote.

"Bibi, hapa tuko mimi na wewe. Niambie kweli. Siku ile ulikuwa unaijua rosti?"

Kanga alitamani kumwambia. Mtu huyu alitoa kweli yake akaimeza kwa ajili ya shingo zao wote wawili, na alistahili kulipwa kweli moja tu, ndogo, ya jikoni. Neno lilimfika mpaka kooni. Mara pale nje akapita Fisi, akapunguza mwendo kidogo mbele ya dirisha.

"Rosti?" akasema Kanga kwa sauti kubwa. "Naijua tangu nikiwa ndani ya yai."

Alfredi akainamisha kichwa, akachukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya.

Hadithi yangu imekoma hapo, mchuzi umekauka sufuriani. Ikiwa nzuri tuile pamoja, ikiwa mbaya niachieni mwenyewe. Na mwenye kusema rosti yake haina mchuzi, akasemee huko kwao.